Mark 23,000 za Adenauer: kisa cha televisheni ambayo haikuwahi kurusha hata picha moja

Hati ya kampuni ilisainiwa Jumatatu, tarehe 25 Julai 1960. Jina: Deutschland-Fernsehen, yaani Televisheni ya Ujerumani. Makao: Köln. Mtaji: mark 23,000. Wenye hisa walikuwa wawili. Wa kwanza ni Jamhuri ya Shirikisho ya Ujerumani yenyewe, mark 12,000, na aliyeisainia ni Kansela Konrad Adenauer. Wa pili ni Fritz Schäffer, mark 11,000. Huyu Schäffer hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa Waziri wa Sheria wa Adenauer, na hisa zake alizishika kwa niaba ya majimbo ya Ujerumani. Ila majimbo hayakuwa yamemtuma.

Mtu akikununulia shamba bila kukuuliza, akajiandika msimamizi wako, halafu akaingiza trekta, utamwitaje? Majimbo manne yalikuwa na jibu, na yalilipeleka mahakamani.

Kisa hiki kinanivutia kwa sababu kinavuruga hadithi tuliyoizoea. Ukimuuliza mtu kwa nini Ujerumani haina televisheni ya serikali, atakuambia: walijifunza kwa Hitler. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Miaka 15 baada ya Hitler, kiongozi aliyechaguliwa kwa kura halali, mzee mwenye heshima ndani na nje ya nchi, alibakiza wiki mbili tu kuwasha kituo cha televisheni kilichomilikiwa na serikali yake asilimia 100. Somo la Hitler halikutosha kumzuia. Aliyemzuia ni jirani mwenye wivu na haki yake.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Ujerumani ya Wanazi ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni tarehe 22 Machi 1935, kutoka Berlin. Walioyaona ni wachache. Seti zilikuwa adimu, kwa hiyo watu walikaa kwenye vyumba vya umma kutazama kioo kidogo, na mwaka 1936 wakaiona Olimpiki ya Berlin kwa njia hiyo. Silaha yenyewe ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, ilikuwa redio. Ile redio ya bei nafuu iliyoitwa "kipokezi cha wananchi" ilipewa namba ya modeli VE 301, na hiyo 301 ni tarehe 30 Januari, siku Hitler alipoingia madarakani. Hata kwenye kibandiko cha mashine walikuwa wameweka siasa.

Vita vilipokwisha, washindi wa Magharibi walikubaliana kwamba redio isirudi tena mkononi mwa serikali, na kila mmoja akajenga katika eneo lake kwa namna yake. Kaskazini, Waingereza walimleta Hugh Greene wa BBC aunde shirika la utangazaji la NWDR, Hamburg. Inasimuliwa kwamba alipokuwa anaaga mwaka 1948, Greene aliwaeleza wenyeji nia yake ya kuliacha shirika hilo likiwa huru na vyama vya siasa, na meya wa Hamburg, Max Brauer wa SPD, chama cha mrengo wa kushoto kilichompinga Adenauer, akamjibu kwamba hatafanikiwa, hatafanikiwa kabisa. Mshike huyo Brauer, tutakutana naye tena.

Kilichotoka hapo ndicho Wajerumani wanachokiita utangazaji wa umma. Shirika linaundwa kwa sheria ya jimbo, au kwa mkataba wa majimbo kadhaa. Halina mwenye hisa. Linasimamiwa na baraza linalokalisha pamoja watu wa makanisa, vyama vya wafanyakazi, waajiri, vyuo vikuu na wanasiasa kiasi. Fedha zake zilitokana na ada ya mwenye redio na mwenye televisheni (tangu 2013 ni ada ya kila kaya), si bajeti ya wizara. Mwaka 1950 mashirika hayo ya majimbo yakaungana chini ya mwavuli wa ARD. Matangazo yao ya kawaida ya televisheni yalianza Siku ya Krismasi ya 1952 kutoka ndani ya ngome ya zege ya wakati wa vita, Hamburg, na kuanzia 1954 mashirika yote yakawa yanachangia chaneli moja ya nchi nzima.

Adenauer hakuipenda hali hiyo tangu mwanzo. Kwake NWDR ilikuwa imejaa wekundu. Serikali yake ikakaa miaka yote ya hamsini ikitafuta sheria ya shirikisho ya utangazaji, na kila mara majimbo yakiweka mguu mlangoni.

Nisimwonee, alikuwa na hoja. Kufikia mwishoni mwa muongo huo ufundi uliruhusu chaneli ya pili, na watu waliitaka. Seti zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya milioni 3. Upande wa pili wa mpaka, televisheni ya Ujerumani Mashariki ilirusha kutoka Adlershof, Berlin, na mawimbi hayaulizwi pasipoti. Machi 1960 walianzisha kipindi maalumu cha kuchukua vipande vya televisheni ya Magharibi na kuvichambua kwa kejeli. Bonn, makao ya serikali ya Adenauer, ilitaka kujibu. Viwanda navyo vilitaka dakika nyingi zaidi za matangazo ya biashara. Halafu kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa kwenye hati yoyote: uchaguzi mkuu ulikuwa Septemba 1961, na mpinzani angekuwa Willy Brandt, kijana mwenye sura ya televisheni, wakati Kansela alikuwa na miaka 85 kasoro.

Kazi ikaanza kabla ya ruhusa. Mwishoni mwa 1958 wenye viwanda na wachapishaji wa magazeti waliunda kampuni ya kutengeneza vipindi, wakaiita Freies Fernsehen, Televisheni Huru. Uhuru wake ulikuwa na mdhamini: serikali ya shirikisho iliidhamini mikopo ya mark milioni 20. Studio zikafungwa kwenye mabanda huko Eschborn, nje kidogo ya Frankfurt, mahali pa upweke kiasi kwamba watu walipabandika jina Telesibirsk, kama Siberia. Huko vilirekodiwa vipindi vya kituo ambacho kisheria hakikuwepo.

Sasa zile siku nne za Julai. Hapa ndipo kisa kilipo, na majaji nao walipachunguza sana.

Kwa miezi kadhaa serikali ilizungumza na majimbo, lakini si yote. Ilizungumza na viongozi wa majimbo waliokuwa wa chama cha Kansela, CDU na ndugu yake CSU. Majimbo yaliyoongozwa na SPD yalisikia habari kwa pembeni. Ijumaa tarehe 22 Julai mawaziri wakuu wa majimbo walikutana Bonn, wakaandaa mapendekezo yao, na kwa barua ya siku hiyohiyo wakayapeleka serikalini, maana yake tuendelee kuzungumza. Jumamosi tarehe 23 Kansela akaandika jibu. Hakuwaandikia wote. Alimwandikia mmoja, Peter Altmeier wa Rheinland-Pfalz, mtu wa chama chake, kumjulisha kwamba kampuni itaundwa Jumatatu. Wengine wapashwe habari naye, nadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Na Jumatatu hati ikasainiwa kweli.

Hesabu mwenyewe. Pendekezo Ijumaa, barua Jumamosi, Jumapili mapumziko, kampuni Jumatatu. Majimbo 11 yalipewa wikiendi moja ya kiangazi, na nafasi zao kwenye meza zilikuwa tayari zimekaliwa na Waziri wa Sheria.

Hakuna jimbo lililokwenda kuchukua hisa zake, hata yale ya CDU. Hilo ndilo lililomshangaza Adenauer, na ndilo linaloniambia mimi kwamba huu haukuwa ugomvi wa chama na chama tu. Waziri mkuu wa jimbo, awe mweusi wa CDU au mwekundu wa SPD, alikuwa na shirika lake la utangazaji nyumbani, na hakuna aliyetaka kulikabidhi Bonn. Tarehe 25 Agosti, mwezi mmoja kamili baadaye, Schäffer akajitoa, na hisa zake zikahamia kwa serikali. Kampuni ikabaki na mwenyewe mmoja. Kituo kilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1961.

Hamburg na Hesse wakafungua shauri katika Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe, Lower Saxony na Bremen wakaungana nao. Hesse iliongozwa na Georg-August Zinn, mwanasheria, na ilitetewa na Adolf Arndt, mmoja wa wanasheria wakali wa SPD. Na Hamburg iliyokwenda mahakamani kulinda utangazaji dhidi ya wanasiasa ilikuwa na meya gani? Max Brauer, yuleyule aliyemwambia Mwingereza kwamba hatafanikiwa.

Mahakama ilisikiliza tarehe 28, 29 na 30 Novemba 1960. Tarehe 17 Desemba ilitoa zuio la muda: hakuna kurusha chaneli ya pili mpaka hukumu. Zilikuwa zimebaki siku 15. Hukumu yenyewe ikasomwa tarehe 28 Februari 1961.

Serikali iliegemea neno moja, posta. Katiba ya 1949 inaipa serikali ya shirikisho peke yake mamlaka juu ya posta na mawasiliano ya simu. Mawimbi ya televisheni yanarushwa kwa mitambo, mitambo ni mawasiliano, kwa hiyo televisheni ni yetu. Hoja hii si ya kipuuzi. Mitambo ya chaneli ya pili ilikuwa inajengwa na Posta kweli. Majaji wakaikata vipande viwili kwa kisu chembamba. Mnara, waya, masafa, zamu ya nani asiingiliane na nani hewani: hayo ni ya Posta. Kinachosemwa studio, anayekisema, na shirika linalomwajiri: hayo ni utamaduni, na utamaduni katika Ujerumani ni wa majimbo. Mwenye barabara si mwenye mizigo inayopita juu yake.

Kipande cha pili ndicho kilichokuja kunukuliwa sana baadaye, kifungu cha 5, uhuru wa maoni na wa utangazaji. Mahakama ilisema utangazaji haupitishi maoni ya watu tu kama bomba linavyopitisha maji; nao unayaumba. Gazeti akilitaka mtu ataanzisha lake, na mengine yatalipinga. Televisheni wakati ule haikuwezekana hivyo, kwa sababu masafa yalikuwa machache na gharama zilikuwa kubwa mno. Palipo na njia chache namna hiyo, sheria lazima ihakikishe kwamba chombo hakikabidhiwi serikali wala kundi moja la jamii, bali makundi yote yenye uzito yana sauti katika uongozi wake na katika vipindi vyake. Kampuni yenye mwenye hisa mmoja, naye ni serikali, haikuhitaji uchunguzi mrefu. Zingatia kwamba Mahakama haikusubiri kituo kirushe uongo ndipo ihukumu. Haikutazama kipindi hata kimoja. Ilisoma hati ya kampuni.

Mimi hupenda zaidi kipande cha tatu, ambacho wanafunzi wengi wa sheria hukipita mbio. Katiba ya Ujerumani haina mstari unaosema serikali kuu na majimbo waheshimiane. Mahakama ilishika kanuni isiyoandikwa: katika shirikisho, kila upande una wajibu wa uaminifu kwa mwenzake, na wajibu huo haugusi tu kile mnachokubaliana, unagusa hata namna mnavyozungumza. Serikali hairuhusiwi kuchagua majimbo ya chama chake, ikaafikiana nayo, kisha ikayaletea mengine mkeka uliokwisha tandikwa. Majaji walitumia maneno ya Kilatini ambayo kwa Kiswahili yanajulikana mpaka vijiweni: wagawe uwatawale. Hairuhusiwi pia kumfanya waziri mkuu mmoja kuwa tarishi wa wenzake, wala kuwapa muda usiotosha kufikiri. Kwa maneno mengine, ile barua ya Jumamosi peke yake ilikuwa kosa la kikatiba. Sijui mahakama nyingi duniani zilizowahi kuihukumu serikali kwa ukosefu wa adabu, na kuita adabu hiyo sheria.

Adenauer hakuficha hasira. Mapema Machi alisimama bungeni akasema baraza la mawaziri limekubaliana kwamba hukumu hiyo ni ya makosa. Rais wa Mahakama, Gebhard Müller, alimjibu hadharani siku chache baadaye kwamba hakuna chombo cha dola kilichopewa mamlaka ya kupitisha azimio kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba hauendani na katiba. Müller alikuwa mtu wa CDU, waziri mkuu wa zamani wa Baden-Württemberg. Na Kansela, baada ya kunung'unika, alitii. Huo ndio mwisho wa Deutschland-Fernsehen. Ule mzigo wa Eschborn, vipindi vilivyorekodiwa na madeni yake, ukabaki ukitafuta mlipaji.

Majimbo nayo yalifanya haraka, maana watazamaji walikuwa wanasubiri na wangewalaumu wao. Tarehe 6 Juni 1961 mawaziri wakuu walisaini Stuttgart mkataba wa kuunda ZDF, shirika la pili la umma, la majimbo yote kwa pamoja, makao Mainz. ARD ikashikilia chaneli ya pili kwa muda. ZDF iliingia hewani tarehe 1 Aprili 1963, na ilianza kazi wapi? Kwenye mabanda yaleyale ya Telesibirsk. Mkurugenzi wake wa kwanza, Karl Holzamer, alikuwa profesa wa falsafa. Mitambo ilikuwa ya Posta, kama hukumu ilivyogawa. Nyumbani mambo hayakuwa rahisi kama kugeuza kitufe: chaneli mpya ilikuja kwa masafa ya UHF, na mwenye seti ya zamani alilazimika kununua kisanduku cha kubadilishia mawimbi, na mara nyingi antena nyingine juu ya paa.

Ningeishia hapo kama ningekuwa naandika ngano. Lakini aliyetolewa mlangoni alikuwa serikali, si chama. Katika mabaraza ya ZDF wajumbe walijigawa wenyewe katika "duru za marafiki", duru moja karibu na CDU, nyingine karibu na SPD, na kwa miongo mingi vyeo vikubwa viligawanywa kwa mizani hiyo: mkurugenzi wenu, mhariri wetu. Mwishoni mwa 2009 mhariri mkuu wa ZDF, Nikolaus Brender, alinyimwa mkataba mpya ingawa mkurugenzi wake alimtaka abaki. Aliyeongoza juhudi za kumzuia alikuwa Roland Koch, waziri mkuu wa Hesse. Naam, Hesse, mlalamikaji wa 1960.

Rheinland-Pfalz na Hamburg wakaenda Karlsruhe. Tarehe 25 Machi 2014 Mahakama ikaona kwamba watu wa dola na walio karibu na dola walikuwa zaidi ya 4 katika kila wajumbe 10 wa baraza la televisheni la ZDF, ikaamuru wasizidi theluthi moja. Baraza la watu 77 likapunguzwa hadi 60. Hukumu ilijengwa juu ya ile ya 1961, na inastahili kusomwa pamoja nayo, maana ya kwanza iliuliza nani anamiliki na ya pili ikauliza nani anakaa kwenye viti. Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Hisa zinahesabika, urafiki hauhesabiki.

Hamburg, kama unavyoona, ilishinda mara zote mbili. Siamini kwamba watu wa Hamburg ni watakatifu kuliko wa Hesse. Naamini tu kwamba kila safari alikuwepo mtu mwenye haki ya kushtaki ambaye pia alikuwa na cha kupoteza. Ondoa majimbo kwenye kisa cha 1960, weka raia mwema mmoja mwenye kupenda uhuru wa habari, na mimi sioni ni nani angeifikisha ile hati ya mark 23,000 mbele ya majaji kabla ya Januari mosi.

Kuna kipande kilichobaki, nacho kinatuhusu. Muswada wa utangazaji wa Adenauer ulikuwa na sehemu kadhaa. Ile ya televisheni ilikwama kwa upinzani wa majimbo, ndiyo maana akakimbilia kampuni. Sehemu mbili zilipita, kwa sheria ya tarehe 29 Novemba 1960, siku ya pili ya kusikilizwa kwa shauri Karlsruhe. Sheria hiyo iliunda redio ya Deutschlandfunk, na ikaipa Deutsche Welle, iliyokuwa ikirushwa tangu 1953 chini ya ARD, uhai wa shirika la shirikisho. Msingi wake ni mwingine: kusema na mataifa ya nje ni mambo ya nje, na mambo ya nje ni ya Bonn. Ndiyo sababu mpaka leo Deutsche Welle inalipwa kutoka bajeti ya shirikisho, wakati ZDF na ARD wanaishi kwa ada ya kila kaya.

Mjomba wangu, msikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili tangu enzi za masafa mafupi, aliiita maisha yake yote "redio ya serikali ya Ujerumani". Nami, kwa ujuaji wa kijana aliyesoma, nilikuwa namsahihisha: ya umma, mjomba, si ya serikali. Alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu: nani anawalipa? Idhaa hiyo ilianza kuzungumza Kiswahili mwaka 1963, mwaka uleule ambao ZDF ilianza kuonyesha picha, nayo ilikuwa inarusha kutoka Köln, mji ambao Adenauer alikuwa ameuchagulia televisheni yake.